Ishara Haiokotwi Mtoni: Uteuzi wa Maneno na Taswira katika Shairi la Maumbile

Utangulizi

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili nchini Kenya umezoea desturi moja ambayo, kwa kurudiwa darasani na katika miongozo ya mitihani mwaka baada ya mwaka, imekuja kudhaniwa kuwa kanuni. Desturi hiyo ni ya kulisoma shairi la maumbile kwa orodha. Mvua ni neema. Mto ni uhai au safari ya mwanadamu. Jua ni matumaini. Giza ni ujinga. Mti ni ukoo. Bahari ni dunia na misukosuko yake. Mwanafunzi hutakiwa aitambue nomino, aitafute katika orodha aliyokaririshwa, kisha aandike maana iliyo mkabala wake. Akifanya hivyo husemekana amefafanua ishara. Kwa kweli hajafafanua lolote. Amefanya kazi ya karani wa ghala anayelinganisha majina ya bidhaa na bei zake.

Makala haya yanadai kwamba ishara si mali ya kitu bali ni zao la maneno. Mvua haiashirii neema wala maangamizi mpaka mtunzi aichagulie kitenzi, aipe jirani katika mshororo, na airudishe ubeti baada ya ubeti kwa namna inayomlazimisha msomaji aitazame upya. Dai hili linapimwa hapa kwa mtaa wa Huruma, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, na kwa mto Mathare unaopita kando yake. Huruma imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo orodha iliyotajwa huvunjika mara moja. Pili, wahakiki wanaoitegemea orodha hiyo ndio hao hao wanaolinyima shairi la mto wa mjini jina la shairi la maumbile. Wao huliita shairi la "matatizo ya jamii", wakalitia katika kapu jingine. Makosa haya mawili yana mzizi mmoja.

Orodha na Kwao

Orodha ya ishara hujifanya haina kwao, lakini ina kwao. Imetoka shambani na imetoka pwani. Mkulima anayesubiri masika ili apande ana haki ya kuiita mvua neema, na maandiko ya dini za Kiislamu na Kikristo, ambayo yamelea ushairi wa Kiswahili, yanaitaja mvua kuwa rehema itokayo kwa Mwenyezi Mungu. Hakuna mhakiki mwenye akili timamu atakayeudharau urithi huo. Kosa huanza pale urithi unapogeuzwa sheria, na maana iliyozaliwa katika hali fulani ya maisha ikatangazwa kuwa maana ya mvua popote inaponyesha.

Itazamwe hali ya Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ya masika ikiwa inanyesha, jengo la ghorofa liliporomoka karibu na mto, na watu wapatao 50 wakapoteza maisha. Aprili 2024 mafuriko yaliukumba tena ukanda wa mto Mathare, na mwezi uliofuata matingatinga ya serikali yakabomoa nyumba nyingi zilizokuwa kandokando ya mto huo. Mwanafunzi aliyekulia hapo, akiulizwa katika karatasi ya fasihi aeleze mvua inaashiria nini katika shairi, ana njia mbili. Aandike "neema" kama alivyofundishwa, apate alama kwa kusema jambo ambalo shairi lililo mbele yake huenda halisemi; au aandike anachokiona katika maneno ya shairi hilo, aonekane hakuelewa. Hasara hapa haiishii kwenye alama. Mwanafunzi huyo hufunzwa kwamba ujuzi wake wa mvua si ujuzi unaohesabika katika fasihi, na kwamba kusoma shairi ni kukisia mawazo ya msahihishaji. Haitashangaza akiondoka shuleni akiamini ushairi ni wa watu wa kwingine.

Watetezi wa orodha hujibu kwamba bila mapokeo ya pamoja hakuna ishara, kwa kuwa msomaji hawezi kufasiri asichokijua. Jibu hili lina chembe ya ukweli na linastahili kuheshimiwa. Mapokeo ni lazima yawepo. Lakini mapokeo ni malighafi ya mtunzi. Si bidhaa yake iliyokamilika. Mtunzi anayeandika juu ya mvua huku akijua kwamba wasomaji wake wamezoea kuiita neema anaweza kuuthibitisha mazoea huo, kuutilia shaka, au kuugeuza kejeli. Hatua anayoichagua hujulikana kwa maneno yake tu. Orodha humpa msomaji malighafi ikamnyang'anya kazi.

Neno Kabla ya Ishara

Roman Jakobson alieleza mwaka 1960 kwamba katika ushairi kanuni ya ulinganifu, ambayo kwa kawaida hutawala uteuzi wa neno moja kati ya maneno yanayokaribiana, huhamishiwa pia katika mfuatano wa maneno yenyewe. Kwa lugha nyepesi, mshairi hateui neno kwa maana yake peke yake. Huliteua kwa namna litakavyolingana, kugongana au kuitikiana na maneno yanayolizunguka. Nadharia hii inajulikana katika idara zote za fasihi. Linalostaajabisha ni jinsi inavyosahaulika mara tu shairi la maumbile linapofunguliwa.

Uchukuliwe mfano mwepesi. Mtunzi anataka kusema kwamba maji ya mto Mathare yaliingia katika nyumba za watu. Akisema mto "ulifurika", ametoa habari: maji yalizidi kipimo. Akisema mto "ulivamia", amewafanya wakazi kuwa wenye haki na mto kuwa adui. Akisema mto "ulirudi", amebadili kila kitu. Kitenzi hicho kina madai ndani yake, kwani hawezi kurudi asiyekuwako kabla. Mto uliorudi ulikuwa na mahali pake, ukaondolewa, na sasa umekuja kupadai. Aliyejenga ndiye aliyevamia. Hata hivyo aliyejenga na anayelala ndani si mtu mmoja, na hapo ndipo neno "ulirudi" linapoanza kuuma: mwenye deni hayupo, na anayedaiwa hakukopa. Vitenzi vitatu vimezaa ishara tatu zisizopatana, na nomino ni ile ile moja. Orodha, kwa kuwa huzitazama nomino tu, haina njia ya kuiona tofauti hii.

Lugha ya Kiswahili yenyewe humpa mtunzi wa Huruma hazina ambayo haipatikani katika lugha nyingi. Neno "mto" ni la maji yaendayo, na pia ni la kitu cha kulalia kichwa. Katika nyumba iliyojengwa ukingoni, mto wa pili huwa hatua chache kutoka kwa wa kwanza, na shairi linaloliacha neno hilo bila kulifafanulia maana huweza kumfanya msomaji asijue kichwa kimelala juu ya kipi. Neno "ukingo" lina mzizi mmoja na kitenzi "kinga". Mahali paitwapo ukingo hubeba ahadi ya hifadhi ambayo mvua ya Aprili imewahi kuivunja. Neno "mpangaji" humtaja anayelipa kodi ya nyumba na humtaja pia anayeweka mambo katika utaratibu, hivyo kwamba mtaa uliojaa wapangaji unaweza kuelezwa kuwa mtaa uliokosa wapangaji, na sentensi hiyo ikawa sahihi mara mbili. Hata kitenzi "nyesha" kimetokana na kitenzi "nya", ambacho ushairi wa pwani umekitumia kwa mvua bila haya yoyote, ilhali lugha ya kila siku imekiachia haja kubwa. Mtunzi anayeandika juu ya mto unaobeba maji ya mvua pamoja na maji taka, akikichagua kitenzi hicho cha kale, hutamka usafi na uchafu kwa pumzi moja. Huo si utani. Ni uashiriaji uliojengwa kwa silabi moja.

Kutoka Taswira hadi Ishara

Inafaa kutofautisha taswira na ishara, kwa maana maneno haya mawili hutumiwa ovyo kana kwamba ni pacha. Taswira ni picha inayojengwa na maneno katika hisia za msomaji: huona, husikia, hunusa. Ishara ni taswira iliyopewa mzigo zaidi ya picha yake. René Wellek na Austin Warren, katika kitabu chao cha nadharia ya fasihi kilichotoka mwaka 1949, walisisitiza kwamba taswira inayotokea mara moja huweza kubaki sitiari, ilhali ile inayorudi na kudumu ndiyo inayokuwa ishara. Kurudi huko si kurudia neno tu. Ni kurudi kukiwa na ongezeko. Mto "ukirudi" katika ubeti wa kwanza, "ukikagua" vyumba katika wa pili, na "ukidai" katika wa tatu, msomaji haambiwi popote kwamba mto ni mwenye nyumba. Vitenzi vimemwandalia kiti akakikalia mwenyewe. Mto huo huo "ukirudi", kisha "ukiwakumbatia" watoto, kisha "ukilala" sakafuni, umekuwa jamaa aliyepotea siku nyingi, na huba yake ndiyo inayotisha.

Mapokeo ya Kiswahili yamejaa ushahidi wa jambo hili, na inasikitisha kwamba ushahidi huo husomwa kwa orodha. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi?, aliutoa diwani yake Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Humo limo shairi la mamba na limo shairi la majibizano ya ndugu wawili wanaougombea mnazi. Wanafunzi wengi huweza kutamka bila kusita kwamba mamba ni mtawala dhalimu na mnazi ni nchi. Wakiulizwa wamejuaje, hutaja kifungo cha mshairi. Lakini kifungo cha mshairi hakimo ndani ya mamba. Mnyama huyo anakuwa mtawala kwa kuwa anatwikwa msamiati wa majigambo, na kujigamba ni tendo la binadamu mwenye cheo. Hakuna mtambaazi anayejigamba. Mnazi nao unakuwa nchi kwa kuwa unazungumziwa kwa msamiati wa udugu na wa umiliki kwa pamoja, misamiati ambayo haikutani juu ya mti wa kawaida bila kuufanya mti huo kuwa mkubwa kuliko mti. Anayejua historia ya Kenya pasipo kuyatazama maneno hayo amepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na njia hiyo itamwangusha atakapokutana na shairi ambalo mtunzi wake hakufungwa.

Je, Huruma Ina Maumbile?

Hapa hufikiwa kosa la pili. Husemwa, mara nyingi kwa upole wa kitaaluma, kwamba shairi la Huruma haliwezi kuwa la maumbile kwa kuwa Huruma ni zege, mabati na nyaya. Maumbile, kwa mtazamo huu, ni mahali asipokuwapo mtu, au alipo mtu mmoja tu, mwenye kalamu, aliyekwenda kutazama machweo. Mtazamo huu hauna msingi katika ushairi wa Kiswahili. Ni wa kuazima, na aliyeuazima hakuuliza bei.

Utenzi wa Al-Inkishafi, uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mapema katika karne ya 19, unahesabiwa kuwa miongoni mwa kilele cha ushairi wetu. Taswira zake zenye nguvu zaidi ni za majumba ya wakuu wa Pate yaliyobaki magofu, yakatwaliwa na ndege na wadudu. Mahali pa maumbile katika utenzi huo ni ndani ya nyumba, mjini, katika kumbi zilizokuwa za watu. Mshairi hakwenda msituni kuyatafuta maumbile, aliyakuta sebuleni. Basi anayesema kwamba jengo lililoporomoka ukingoni mwa Mathare haliwezi kuwa mandhari ya shairi la maumbile ameukana utenzi ambao yeye mwenyewe huufundisha.

Lakini hapa panahitajika tahadhari, kwa sababu orodha ni mdudu anayejificha popote. Magofu ya Pate yanaashiria ghururi ya dunia kwa kuwa mshairi anauhutubia moyo wake kwa msamiati wa fahari: utajiri, taa, karamu, heshima ya waliopita. Fahari hiyo ikiondolewa, maana hiyo huondoka nayo. Mhakiki atakayeyachukua magofu ya Huruma akayabandika funzo la Pate, kwamba dunia haidumu, atakuwa amewatukana waliokufa. Hawakuwa wakuu waliojivunia kumbi. Walikuwa watu waliolipa kodi ya chumba. Ufa wa ukutani katika utenzi ni mwandiko wa wakati; ufa wa ukutani Huruma huweza kuwa mwandiko wa mjenzi aliyebana saruji. Taswira ni moja, lakini maneno yanayoizunguka hayawezi kuwa yale yale, na kwa hiyo ishara haiwezi kuwa moja.

Isitoshe, utengano wa Huruma na pwani ni wa kwenye karatasi tu. Mto Mathare humwaga maji yake katika mto Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi. Athi, ukiteremka nyika, huitwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Maji yaliyopita chini ya madirisha ya Huruma huishia katika bahari ile ile ambayo malenga wa pwani wameiimba kwa karne nyingi. Mhakiki anayeipokea bahari na kuukataa mto amekubali kinywa akakataa koo.

Hatari ya Orodha ya Pili

Wapo waliokwisha kuuona udhaifu wa orodha ya kwanza wakaamua kuigeuza juu chini. Kwao mvua ya mjini ni maangamizi daima, mto ni uchafu daima, na jina la Huruma ni kejeli daima, kwa kuwa mtaa uitwao huruma haujahurumiwa. Uhakiki huu hujiona wa kimapinduzi. Kwa hakika ni orodha ile ile iliyovaliwa ndani nje. Kejeli ya jina ni kishawishi kilicho karibu mno: hata asiye mshairi huiona anaposhuka kwenye matatu. Mtunzi anayeitegemea hiyo peke yake hajateua neno. Ameokota lililoachwa na waliochora ramani.

Tena orodha hiyo ya pili haisemi kweli kuhusu mahali penyewe. Ukingo ule ule unaotisha hulimwa mboga. Na katika bonde la Mathare, jirani ya Huruma, wanaharakati wa Mathare Green Movement wamekuwa wakipanda miti kwa kumbukumbu ya watu waliouawa na polisi. Hapa orodha zote mbili hunyamaza. "Mti ni uhai" haitoshi, kwani mti huu umepandwa kwa sababu ya kifo. "Mti ni kifo" ni upuuzi, kwani unamwagiliwa maji ili uote. Mshairi atakayeuandikia mti huo atalazimika kufanya kazi ambayo hakuna mwongozo utakaomfanyia. Atachagua kati ya "kuchimba" na "kufukua". Atapima kama neno "shimo" litumike, nalo ni neno la mche, la kaburi na la nguzo ya nyumba. Ataamua iwapo mti "umepandwa", jambo linalomtaja mpandaji, au "umeota", jambo linalomficha. Kila uamuzi utahamisha maana. Mhakiki asiyeyafuata maamuzi hayo neno kwa neno hatakuwa na la kusema juu ya shairi hilo ila kwamba linahuzunisha.

Itakumbukwa pia kwamba wakazi wa mitaa hii ni wasomaji wa ishara kabla hawajafika darasani. Majengo ambayo wakaguzi huyaona ni hatari jijini Nairobi hupigwa alama ya X kwa rangi nyekundu ukutani. Mpangaji huisoma alama hiyo kila anapoingia. Anajua inavyosema, anajua nani ameiandika, anajua pia kwamba imekaa pale miezi na hakuna aliyekuja, na anajua kodi ya kwingine ni kiasi gani. Anaipima alama kwa muktadha wake, kwa mwandishi wake na kwa yaliyofuata. Usomaji huo ni wa kihakiki zaidi kuliko ule unaotakiwa katika mtihani, ambapo X ingelikuwa "hatari" na swali likafungwa.

Hitimisho

Yanayotakiwa hayahitaji nadharia mpya. Yanahitaji uaminifu kwa maandishi. Mhakiki wa shairi la maumbile aulize kwanza ni kitenzi gani kimepewa mvua au mto, na ni vitenzi gani vya karibu vilivyoachwa. Aulize pili ni taswira ipi inayorudi, na inaporudi imeongeza nini. Aulize tatu nafsineni imesimama wapi: shambani ikingoja masika, sitahani mwa jahazi, au katika chumba cha ghorofa ya chini ambamo maji yamefika kwenye miguu ya kitanda. Ndipo azungumze juu ya ishara, akijua kwamba ishara hiyo ni ya shairi hili na huenda isiwe ya lile.

Wanaotunga mitihani na wanaosahihisha wana wajibu mkubwa zaidi, kwa maana maneno yao hufika Huruma kabla ya makala yoyote ya idara. Swali linalomtaka mtahiniwa ataje ishara tatu na maana zake humfundisha kuwa karani. Swali linalomtaka aoneshe jinsi maneno matatu yalivyoujenga mto wa shairi humfundisha kusoma. Swali hili la pili ni gumu kulisahihisha, na majibu yake hayawezi kulingana. Ugumu huo si hoja ya kulikwepa. Mtoto aliyelala usiku wa Aprili akiusikiliza mto hadi alfajiri amekwisha kuusoma kwa makini kuliko msahihishaji wake, na haki yake ya kwanza ni kuulizwa aliyoyasikia.